Koti la Kukua Nalo

Jumamosi ya kwanza tulimvalisha mdogo wangu kama mtu asiyetarajiwa kurudi. Mama alianza na mafuta ya mgando, usoni, masikioni mpaka mgongoni, kwa sababu aliamini baridi haipiti kwenye mafuta. Zikafuata fulana mbili za pamba, shati la shule, sweta zito, jinzi, soksi jozi tatu, skafu iliyozungushwa shingoni mara mbili na kufungwa kwa nyuma, kofia, glovu za kufuma, na juu ya yote hayo koti lililomfika kwenye ugoko. Jinzi ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na moja. Yeye alikuwa na minane. Mama aliikunja chini mikunjo mitatu, akaipigapiga kwa kiganja kuhakikisha imekaa, akarudi nyuma kumtazama.

"Sasa hata barafu yenyewe itamwogopa," akasema, akakimbilia kazini.

Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na Jumamosi shifti yake ilianza asubuhi. Baba wa mdogo wangu hakai nasi. Kwa hiyo wa kumpeleka nilikuwa mimi, mwenye miaka kumi na tano, ambaye barafu pekee niliyowahi kuikanyaga ni ile ya kwenye kinjia mbele ya ghorofa letu hapa Tottenham, London, na iliniangusha.

Habari yenyewe ilianzia shuleni kwao. Darasa zima lilipelekwa mara sita kujifunza kuteleza kwenye barafu kwa viatu vyenye chuma chini, na mwishoni mwalimu wa kule akachagua watoto wachache waendelee bure kila Jumamosi. Mdogo wangu akawa mmoja wao. Alirudi na barua ameikumbatia. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kuteleza huko kunafanywaje, na mimi nikamwonyesha kwa soksi kwenye sakafu ya jikoni. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu sikuwa mtu wa kumchekesha Mama.

Ukumbi wa barafu ulikuwa juu ya kilima, mabasi mawili kutoka kwetu. Baridi ya mle ndani haikuwa ile ya mtaani. Ya mtaani inakuja na upepo, unaweza kuipa mgongo. Ile ilipanda kutoka chini, ikaingia kwenye nyayo, ikatulia magotini. Nilikaa kwenye benchi la mwisho, mbali na wazazi wengine waliokuja na chupa zao za chai na kujuana kwa majina.

Nusu saa ya kwanza mdogo wangu alitoka jasho. Nusu saa ya pili akaanza kutetemeka. Fulana zilikuwa zimelowa kwa ndani, jinzi ilikuwa imelowa kwa nje kila alipoanguka, na zile glovu za kufuma zilikuwa kama vitambaa vya kufutia vyombo. Halafu mkunjo mmoja wa jinzi ukaachia. Niliuona ukishuka. Niliinuka, nikafungua mdomo nimwite, lakini watu walikuwa wengi na mimi sina sauti ya kumwita mtu mbele ya watu. Akakanyaga upindo kwa chuma cha kiatu, akaenda chini kwa kidevu.

Mwalimu wao, mama mmoja mwembamba mwenye mvi na jaketi jekundu, alimwinua na kumleta ukingoni. Alimbandika plasta, kisha akanigeukia mimi. Alizungumza taratibu, akitenganisha maneno, kama watu wanavyozungumza na mtu wanayedhani haelewi. Nilielewa yote. Alisema nguo za kazi hii ziwe nyepesi na zipandane, zikae karibu na mwili. Ya ndani isiwe pamba, kwa sababu pamba inakunywa maji na kukaa nayo. Ya juu iwe sufu. Suruali iwe ya kunyumbuka na iishie kwenye kifundo cha mguu. Soksi moja tu, ndefu na nyembamba, maana soksi tatu ndani ya kiatu kile zinaubana mguu mpaka damu haizunguki, na mguu wa namna hiyo ndio unaoganda. Glovu zisizoingiza maji, na jozi nyingine ya akiba. Skafu ibaki nyumbani, isije ikanaswa.

Nilimjibu neno moja, sawa. Labda jibu hilo ndilo lililomfanya ayaandike. Aliandika tarehe juu, akaorodhesha yote, akanipa karatasi nimpelekee mama yangu. Akasema mdogo wangu ana miguu ya kuteleza, ila nguo zinamshika. Mwisho wa Jumamosi ya nne atachagua watoto wa kundi la mazoezi, na angependa kumwona akiwa amevaa vizuri kabla ya hapo.

Karatasi ile niliiweka ndani ya daftari langu, hili hili ninaloandikia kila siku. Ilikaa humo wiki mbili.

Sasa nina miaka kumi na saba na naweza kulisema. Mwanzo nilijidanganya kwamba ni aibu. Ningemwambiaje Mama kwamba vile alivyomvalisha mtoto ndivyo vilivyomwangusha? Lakini haikuwa aibu. Siku ile ile, tukiwa tunafungua kamba za viatu, mama wa msichana mwingine wa shule yao alinijia. Wanakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Alisema kundi la mazoezi linaanza asubuhi mapema, na kama wasichana wote wawili watachaguliwa, yeye atawapeleka kwa gari, nisihangaike na mabasi. Gari lake lilikuwa dogo, akasema, kiti cha mtoto wake mchanga kinakula nafasi, ila huyu mdogo ataenea. Alikuwa anatabasamu. Alidhani ananipa zawadi.

Jumamosi ilikuwa siku yangu. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na siku moja tu. Shuleni maneno yangu ya kutwa nzima yalikuwa ndiyo mwalimu, samahani na asante. Nilifika hapa nikiwa na miaka kumi na miwili, wenzangu walikuwa wameshachaguana zamani. Saa ya chakula nilikaa maktaba nikijifanya nina kazi ya kumaliza. Nyumbani Mama alikuwa kazini, au amelala kwa uchovu wa kazi. Lakini Jumamosi tulipanda basi la ghorofa, tukakimbilia juu kwenye viti vya mbele kabisa, na mdogo wangu akazungumza njia nzima. Mimi nilizungumza Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu. Wakati wa kurudi mikono yake ilikuwa ya baridi kama samaki. Aliiingiza yote miwili ndani ya mkono wa koti langu, akaipandisha mpaka karibu na kiwiko, akaiacha humo. Mkono wa koti langu ulikuwa na nafasi.

Nafasi hiyo ina historia yake. Mama aliondoka Muheza nikiwa na miaka mitatu, akaniacha kwa bibi. Kila mwaka alituma nguo kwa mtu anayekuja likizo, na kila nguo ilikuwa kubwa. Bibi alinivisha, akanigeuza, akasema bado, akaikunja na kuirudisha kwenye sanduku lenye harufu ya dawa ya nondo. Ilikuwa desturi ya mtaa mzima kumnunulia mtoto nguo ya kukua nayo, sisi hatukuwa wa kwanza. Ila za kwangu zilikuwa kubwa kupita za wenzangu, na nyingine zilikuwa za kushangaza. Aliwahi kutuma sweta la sufu, jembamba, la bluu iliyoiva, lenye shingo ya kupanda. Muheza, ambako Desemba hata shuka inakukera. Bibi alisema hilo ni la safari ya London. Safari yenyewe ilipokuja, sweta lilikuwa halinipiti kichwani. Bibi alilitia kwenye begi hivyo hivyo, kwa sababu kitu cha Mama hakiachwi.

Uwanja wa ndege, mwanamke niliyemjua kwa picha na kwa sauti ya simu alikuwa ananisubiri na koti mkononi. Alinikumbatia, akarudi nyuma, akanitazama kutoka juu hadi chini, akanivisha. Mikono ilivipita vidole vyangu kwa kiganja kizima. Utakua nalo, akasema. Miaka mitatu baadaye koti lilikuwa lile lile, na ncha za vidole vyangu bado hazijatoka. Mwili wangu ulikuwa umemaliza kukua bila kumwambia mtu.

Basi Jumamosi ya pili nilimvalisha mdogo wangu jinzi ile ile, nikaikunja. Akaanguka. Ya tatu nikaikunja na kuibana kwa pini mbili, nikijiambia kwamba hiyo ni juhudi. Pini moja ilifunguka na kumchoma. Alitoka kwenye barafu kabla ya saa kwisha. Hakulia. Alikaa kando yangu, akavua viatu mwenyewe, akaviweka sawasawa chini ya benchi.

Kwenye basi hakuzungumza. Tulipofika karibu na kwetu ndipo akasema, na alilisema kwa Kiswahili, yeye ambaye hajibu kwa Kiswahili hata akipewa peremende.

"Dada, labda mimi siwezi."

Nilitazama dirishani. Mikono yake ilikuwa ndani ya mkono wa koti langu, na nilijua kabisa kwamba anaweza. Nilikuwa na karatasi inayosema anaweza. Usiku ule kwenye daftari niliandika sentensi moja tu, nikaifuta, kwa hiyo hata mimi siikumbuki.

Kesho yake, tuliporudi kutoka kanisani, nilisubiri Mama abadilishe nguo na kukaa, nikaweka karatasi mezani mbele yake. Aliisoma polepole. Kidole chake kilirudi juu.

"Hii ina wiki mbili."

Nikasema ndiyo. Akauliza ilikuwa wapi, nikasema kwenye daftari langu. Akauliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema nilisahau, lakini ulimi ulikataa. Nikamwambia kwamba akichaguliwa atakwenda na gari la watu, na mimi sitakuwa na pa kwenda.

Mama hakugomba. Ningependa angegomba. Aliikunja karatasi ikawa ndogo, akaitia kwenye mkoba wake wa kazini, akaniambia Jumatano ana mapumziko, nikitoka shule nisichelewe. Kisha akainuka kuwasha jiko. Kati ya jiko na mimi kulikuwa na hatua nne, na hakuna aliyezitembea.

Jumatano tulikwenda duka la mitumba la barabara kuu, lile ambalo mapato yake husaidia wasiojiweza, sisi watatu. Mama anajua kununua nguo. Anavuta mshono, anageuza ndani nje, ananusa kwapa bila haya. Lakini mkono wake una mazoea yake. Alivuta taiti nzito yenye manyoya laini kwa ndani, nzuri kabisa, akaiinua kwenye mwanga, na nikaona lebo. Miaka kumi na moja hadi kumi na miwili.

Kwa kawaida ningenyamaza. Mwanamke wa pale kwenye kaunta alikuwa anatutazama.

"Mama, hatununui ya mwakani," nikasema. "Tunanunua ya Jumamosi."

"Na akikua?"

"Akikua tutarudi."

Aliitazama lebo, akairudisha kwenye henga. Tukatafuta upya. Nikamwomba mdogo wangu achuchumae, ainue mikono juu, ainame aguse vidole vya miguu, na kila nguo iliyopanda ikaacha kiuno wazi au kushuka ikafunika kisigino tuliikataa. Yeye aliona ni mchezo. Mama naye akaingia mchezoni, akawa anamwambia chuchumaa, simama, chuchumaa, kama mwalimu wa mchakamchaka, na mwanamke wa kaunta akaacha kututazama vibaya. Tulipata taiti inayomfaa, fulana mbili za kitambaa kinachokauka upesi, za mtu aliyekuwa anacheza mpira, na glovu za lailoni zenye utando wa mpira kiganjani. Soksi ndefu nyembamba tulizichukua dukani kwingine, mpya. La juu hatukupata. Majaketi yote yalikuwa manene kama magodoro, na ukimwinua mtoto mikono, koti linakwenda nayo.

Nyumbani alivaa vyote tena ili tumwone. Kilichokosekana kilikuwa wazi, sufu nyembamba, ndefu kiunoni, yenye kufunika shingo bila skafu. Niliiona kichwani kabla sijakumbuka nimeiona wapi. Nikaenda chumbani, nikavuta begi langu la Muheza kutoka chini ya kitanda. Sweta la bluu lilikuwa mwisho kabisa, bado lina mikunjo ya bibi, na dawa ya nondo bado iliuma pua.

Lilimwenea kama ngozi. Mikono yake iliishia pale kiganja kinapoanza. Aliinua mikono juu, likabaki kiunoni. Akachuchumaa. Akazunguka kwa soksi kwenye sakafu ya jikoni, mara mbili, na hakuna kilichomshika.

Mama alikuwa anakoroga mboga. Akageuka na mwiko mkononi.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Ulinitumia."

"Lini?"

"Nilikuwa na miaka mitano."

Aliweka mwiko chini. Akafunua shingo ya sweta, akasoma lebo, akaisoma tena. Miaka saba hadi minane. Alipolinunua huyu mwenye kulivaa alikuwa hajazaliwa.

"Lilikutosha?"

"Lilikuwa kubwa," nikasema. "Halafu likawa dogo."

Mama alipitisha kidole kwenye mshono wa bega la mdogo wangu. Alizungumza akiwa amelitazama bega hilo.

"Kila nikiingia dukani nilikuwa najiuliza, sasa hivi amefika wapi. Nikaona heri nguo ikupwaye, kuliko nikute umeshanipita."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia nipo hapa sasa, nipime. Lakini mboga ilianza kushika chini na yeye akaiwahi, na mdogo wangu akauliza kwa Kiingereza kama sweta ni lake kweli au la kuazima. Mama akanitazama. Nikasema ni lake.

Jumamosi ya nne alivaa vitu vitano badala ya kumi na viwili, na bado Mama alimpaka mafuta usoni, nikamwacha. Juu ya barafu sikumtambua mara moja, nilikuwa nimezoea kutafuta furushi. Lile la bluu lilikuwa linapita katikati ya watoto kama uzi kwenye sindano. Alianguka mara moja, akakung'uta magoti, taiti ikawa kavu baada ya muda mfupi. Kwenye saa nzima hakutazama benchi langu. Hakuwa na sababu. Mwalimu wa jaketi jekundu alipita kando yangu na kuinua dole gumba, akidhani ni Mama aliyeifuata karatasi yake, na kwa kweli ni yeye. Mwishoni akasoma majina. La mdogo wangu lilikuwa la pili.

Alinikimbilia na viatu vya chuma miguuni, akinikumbatia alikuwa karibu ananifikia kidevu. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa haikuwa furaha peke yake.

Jumamosi iliyofuata honi ililia kukiwa bado kijivu nje. Alikuwa amejivalisha mwenyewe. Alichuchumaa mlangoni, akainua mikono, akajikagua, akashuka ngazi mbili mbili. Nilimwona kutoka juu akiingia kwenye gari, na mlango ukafungwa. Mama, naye akijiandaa kwa kazi, alisimama nyuma yangu akivaa koti lake. Alinivuta mkono wa koti, nililokuwa nimelivaa kwa mazoea ya Jumamosi, akautazama ulivyoning'inia, akaukunja kwa ndani mpaka vidole vyangu vikatokea, akaushika hivyo. Akasema Jumanne ana nafasi, atanipunguzia.

Nikamwambia aliache kwanza.

"Kwani bado unakua?"

Nikasema sijui. Akauachia mkono, akaondoka.

Nilisoma, nikafua, nikatazama saa. Gari liliporudi nilikuwa chini kwenye mlango wa ghorofa, nimevaa koti. Mdogo wangu alishuka akimalizia kicheko walichoanza njiani, akampungia mwenzake mpaka gari likakata kona. Nikamnyooshea mkono wangu, ule wenye nafasi, aingize mikono yake kama siku zote.

Aliiingiza, kwa mazoea. Glovu zilikuwa zimefanya kazi yake, na hita ya gari pia. Mikono yake ilikuwa ya moto kuliko ya kwangu. Alikaa hivyo ngazi tatu hivi, akinihadithia kwa Kiingereza jinsi walivyofundishwa kurudi kinyumenyume, halafu akaitoa ili anionyeshe, na hakuirudisha.